Herufi za Mkono wa Kushoto

3 Februari

Kwa: Binti yangu, Nukta
YAHUSU: PROGRAMU YAKO YA KUANDIKIA

Husika na mada tajwa hapo juu.

Najua umeanza kucheka. Utasema Baba amestaafu lakini bado anaandika kama anamwandikia mkuu wa idara. Ndivyo nilivyo, mwanangu. Nimepiga chapa barua za wakubwa miaka yote uliyokuwa unakulia chini ya meza yangu, umekaa kimya kama nukta, na vidole vyangu havianzi kazi mpaka vione neno YAHUSU. Nivumilie.

Programu nimeipokea. Kaka yako ameiweka kwenye ile kompyuta uliyoniachia tulipomzika mama yako. Alinielekeza kwa ncha ya bisibisi yake ya kazini, "Mzee, bonyeza hapa, bonyeza pale," kama vile mimi ni friji lililoletwa kutengenezwa. Nimeitumia wiki nzima. Ukurasa ni mweupe, herufi ni safi, hakuna vidude vya kupepesa macho. Walioitengeneza wana adabu. Nakupa hongera wewe na wenzako.

Ila ina kasoro moja, na uliniomba niseme kweli. Inarudia herufi. Naandika "barua" inatoka na b mbili, au a tatu. Inaweza kutulia mistari kadhaa, halafu inaanza tena. Nilidhani ni macho, nikabadilisha miwani, nikakuta ni programu. Herufi zilizozidi kwenye barua hii nimezifuta zote kabla ya kukutumia. Mezani kwangu hakujawahi kutoka karatasi yenye kosa, na sitaanza uzeeni.

Kuhusu likizo yako ya Aprili: kama kazi imebana, usije. Nyumba ipo, mimi nipo, hakuna kinachokimbia.

Ni mimi,
Baba yako

Nakala: Kaka yako (ingawa barua zangu huwa hazisomi)


9 Februari

Baba, shikamoo.

Nimecheka mpaka wenzangu wakageuza viti. Nimewasomea ile "husika na mada tajwa hapo juu" na sasa ofisi nzima inaitumia. Mtu akitaka chai anaanza na YAHUSU.

Lakini asante, Baba. Tumewapa watu wengi programu hii waijaribu, na wote wanasema iko sawa, basi. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitu cha maana. Na kwa kuwa ni wewe, sihitaji hata kuhakikisha. Nilikua nikisikiliza ule mlio wa taipureta juu ya kichwa changu, na sikumbuki hata siku moja uliposimama ili ufute.

Ngoja nikueleze, maana ni eneo langu hasa. Ukibonyeza kitufe, kibodi inatuma ishara: kimebonyezwa. Ukiinua kidole inatuma nyingine: kimeachiwa. Kila herufi ina ishara mbili, ya kushuka na ya kupanda. Wenzangu wanashughulika na rangi, kurasa, kuhifadhi. Mimi nimekaa mlangoni. Ishara zote zinapita kwangu, na mimi ndiye ninayeamua: hii ni herufi, iandikwe, hii ni amri, itekelezwe, hii haituhusu, ipite. Nikizembea hapo, mwandishi anaona vioja kwenye skrini na kudhani amerogwa.

Naona nimezembea. Nadhani kuna ishara nimeiunganisha kwa wapokeaji wawili. Ni sawa na mgeni kubisha hodi mara moja, wakatoka watu wawili kumfungulia, kila mmoja akadhani amepokea mgeni wake. Nitakutumia toleo jipya wiki ijayo.

Na Aprili nakuja. Usinianzie.

Nukta wako


2 Machi

Kwa: Binti yangu, Nukta
YAHUSU: HERUFI ZINAZOJIRUDIA (MWENDELEZO)

Marahaba.

Toleo jipya limefika na kaka yako ameliweka. Siku ya kwanza niliona mabadiliko, nikafurahi. Siku ya pili kasoro ikarudi pale pale, tena kwa nguvu.

Nimechunguza kama ninavyoweza. Herufi zinazojirudia ni a, s, e, w, t, b na jamaa zake. Yaani zote ni za upande wa kushoto. Za kulia hazina neno. Mimi si mtaalamu wa hayo mambo yako ya mlangoni, natoa taarifa kama nilivyoona.

Usikeshe kwa ajili yangu. Ila ukiipata nitashukuru, maana ningependa kuandika barua kwa haraka kama zamani.

Kaka yako anakusalimu. Amepata kazi ya kutengeneza majokofu ya bucha, ananuka.

Baba yako


20 Machi

Baba, shikamoo.

Hiyo ya kushoto imenitoa jasho. Nimepitia msimbo wangu, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari. Wapokeaji wawili niliwapata kweli, nikamwondoa mmoja. Kosa lilikuwepo, lakini halikuwa lako. Na programu haijui kushoto ni wapi. Kwake a ni namba, p ni namba, haijui nani anakaa upande gani. Haiwezi kuwaonea wa kushoto peke yao hata ikitaka.

Kwa hiyo naona ni kibodi. Labda uchafu umeingia upande huo, au kaka ameimwagia chai akanyamaza. Nimekutumia mpya, ngumu, ya wapiga chapa hasa. Ina mlio, utaupenda.

Sasa sikia hili bila kununa. Nilimwomba bosi tuahirishe kutoa programu mpaka nilipate kosa. Akaniuliza ni watu wangapi wamelilalamikia. Nikasema mmoja. Akasema, kosa la mtu mmoja duniani ni la huyo mtu, siyo la programu. Nilimjibu kwamba huyo mtu mmoja hajawahi kukosea herufi tangu nimjue. Tukakubaliana nilitafute kwa muda wangu mwenyewe, na muda wangu mwenyewe ni likizo. Nimeshaichukua, Baba. Nimeimalizia chumbani kwangu, mimi na msimbo.

Aprili sitakuja. Usinikasirikie. Nitakuja likiisha hili, na nitakuja nikiwa nimelirekebisha.

Nukta


11 Aprili

Kwa: Binti yangu, Nukta
YAHUSU: LIKIZO YAKO

Kibodi imefika. Ni nzuri, ina mlio kama ulivyosema. Kasoro ipo vile vile.

Umetumia likizo yako yote kwa sababu ya jambo hili? Ungeniuliza kwanza. Mimi ni mzee, nina siku nzima ya kufuta herufi zilizozidi, sina haraka ya kwenda popote. Achana nalo. Nasema kama baba, siyo kama mteja.

Chumba chako kaka yako alikuwa ameshakipaka rangi. Si kitu, rangi haiozi.

Baba yako


18 Aprili

Baba, shikamoo.

Siwezi kuliacha. Nikilala naota ishara zinapanga foleni. Nisaidie kwa jambo moja tu, halafu sitakusumbua.

Kwenye toleo hili kuna sehemu imeandikwa "Rekodi". Bonyeza hapo, andika ukurasa mmoja wa chochote, kama unavyoandika siku zote, usifute kitu. Programu itaweka orodha ya ishara: kitufe gani kilibonyezwa, kiliachiwa lini, basi. Halafu kaka anitumie. Nikiona ishara zenyewe zinavyoingia nitajua zinajirudia wapi, kwenye kibodi, kwenye mfumo, au kwangu.

Tafadhali. Nakuomba kama mwana, siyo kama fundi.

Nukta


6 Mei

Kwa: Binti yangu, Nukta
YAHUSU: KUPONA KWA PROGRAMU

Husika na mada tajwa hapo juu.

Ukurasa uliouomba umeambatishwa. Utaona hakuna herufi hata moja iliyojirudia. Toleo hili limemaliza tatizo. Nakushukuru, na suala hili nalifunga rasmi. Pumzika, ule vizuri, uendelee na kazi zako.

Baba yako


8 Mei

Kaka, shikamoo.

Nani ameandika ule ukurasa?

Usiniambie ni Baba. Mlidhani ishara tupu hazisomeki. Nimezipanga na kuzisoma, na ukurasa mzima unahusu gesi ya friji na mteja wa bucha aliyekataa kulipia kopo la pili. Tena aliyeandika anatumia vidole viwili, na kabla ya kila herufi anasimama kuitafuta. Baba hajawahi kutafuta herufi maishani mwake.

Kuna nini hapo nyumbani? Kwa nini Baba anaandikiwa na wewe? Kwa nini ni kushoto tu? Nimekaa na hilo swali tangu jana na jibu linalonijia silitaki. Niambie wewe.

Mdogo wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi si mtu wa kuandika, umeshaona. Nilimwambia Mzee kwamba utatugundua, akasema andika chochote, haonyeshwi maneno. Ningejua ningeandika kuhusu mpira.

Ni mkono wake. Ulianza na kidole kidogo cha kushoto, mwezi ule tuliomaliza matanga ya Mama. Sasa ni mkono wote wa kushoto na mguu nao umeanza kuburuta. Nilimpeleka hospitali mwaka jana. Daktari ni kijana mpole, alimweleza vizuri: haumuui leo wala kesho, lakini haurudi nyuma. Kuna vidonge vya kutuliza, anavinywa asubuhi na jioni. Vinasaidia. Chai sasa anashika kikombe kwa mikono miwili na hakimwagiki sana.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi uje kukaa kumwangalia mzee anayetetemeka. Kila barua unayopata inamchukua siku nzima. Anaandika, halafu anarudi anafuta zilizozidi moja moja, kama anachambua mchele. Akimaliza shati limelowa.

Lakini hilo silo linaloniumiza, mdogo wangu. Linaloniumiza ni kwamba mwanzoni ilikuwa uongo wa kukuficha wewe tu, na baadaye akaanza kuuamini. Daktari alisema mkono. Wewe ulisema programu. Akachagua kukuamini wewe. Kila toleo lako likifika anaoga, anavaa shati la kazini, ananiambia niliweke halafu nitoke. Nakaa nje nasikiliza. Anaanza vizuri kabisa. Halafu nasikia kile kitufe cha kufutia. Akitoka ananiambia, "Bado hajaipata, lakini yuko karibu."

Alipojua umemaliza likizo kwa ajili yake hakula. Ndipo akanikalisha mimi niandike, ili uache kutafuta.

Usimwambie nimekwambia. Kama kuna namna unaweza kumsaidia aandike bila taabu, ifanye. Mimi ningekuwa na kipuri cha mkono ningeshakifunga.

Kaka yako


15 Mei

Baba, shikamoo.

Samahani, suala ulilifunga rasmi na mimi nalifungua. Nimelipata kosa.

Lilikuwa langu. Pale mlangoni, ishara ya kuachia na ishara ya kubonyeza zilikuwa zinanifikia zimefuatana mno, na mimi nikazipokea zote bila kuuliza. Sasa nimeweka chujio. Kitufe kikiachiwa na kurudi upesi kuliko kidole cha mtu kinavyoweza kurudi kwa makusudi, ile ya pili naitupa. Haifiki kwenye ukurasa kabisa.

Toleo hili ni lako. Andika kama zamani, usiogope. Ukiona lolote niambie.

Programu inatoka rasmi Agosti, na bosi amesema kabla ya hapo hakuna ruhusa kwa mtu yeyote. Septemba nipo kwako.

Nisamehe kwa kuchelewa.

Nukta


1 Juni

Kwa: Binti yangu kipenzi, Nukta
YAHUSU: SHUKRANI

Husika na mada tajwa hapo juu, na huku nimesimama.

Mwanangu, umeweza. Nimeandika barua hii kwa muda wa kunywa chai moja, na sijafuta kitu. Jana niliandika kurasa nne bila sababu, nilinakili tu habari za gazeti ili nisikie vidole vinavyokwenda. Kaka yako alikuja kuchungulia, nikamwambia kaa chini ya meza kama Nukta usikilize. Amekataa, anasema yeye ni mtu mzima.

Kuna kitu kidogo: nikiandika "saa" au "mzee" kwa kasi inakula herufi ya mwisho, lazima nipunguze mwendo. Lakini hilo ni la kawaida, hata taipureta yangu ilikuwa na mambo yake.

Nilimwambia kaka yako tangu mwanzo kwamba ni programu. Kuna watu waliniona mzee mbishi, wengine wenye koti jeupe na kalamu mfukoni. Mambo waliyonitwisha nimeyaweka kwenye droo. Nimerudi kuwa mimi. Nimeanza kupika chai yangu mwenyewe, nimemkataza kaka yako kuninyanyulia birika.

Mama yako angekuwepo angekupigia vigelegele mpaka majirani watoke. Kwa kuwa hayupo, nimepiga mimi, kidogo.

Baba yako anayekupenda


24 Juni

Mdogo wangu,

Mzee yuko hospitali. Anaongea, anakula, usiruke kabla hujasoma.

Ulipomtumia lile toleo alikuja na barua yako mkononi. Akanisomea: "Lilikuwa langu." Akasema, umesikia, amekiri, na mtoto huyu hajawahi kuniongopea. Siku hiyo hiyo aliacha vidonge. Sikujua. Viko kwenye droo pamoja na utepe wa taipureta yake ya zamani, pakiti nzima haijafunguliwa. Alisema alivinywa kwa sababu ya mkono, na mkono ulikuwa mzima muda wote.

Siku za kwanza dawa ilikuwa bado mwilini, akatulia, akaona ndiyo ushahidi. Ilipoisha mkono ukarudi vibaya kuliko mwanzo. Nikamwambia. Akasema ni baridi. Nikamwonyesha kikombe kinavyolia kwenye sahani. Akasema, "Mbona nikiandika hazijirudii?" Ningemjibu nini?

Juzi alinyanyua birika kwa mkono wa kushoto. Limemwagikia paja lote mpaka mguu. Nilikuwa kwa mteja, jirani ndiye aliyemsikia. Daktari anasema ngozi itachukua muda.

Mimi ndiye niliyekuomba umsaidie, kwa hiyo sikulaumu. Lakini mimi nikisema ni mkono, anasema Nukta alisema ni programu. Hakuna mwingine atakayemtoa hapo. Wewe ndiye uliyemweka.

Nitampelekea kompyuta wodini, wamekubali.

Kaka yako


26 Juni

Baba, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuifuta yote. Sasa naiandika moja kwa moja.

Programu haikuwa na kosa. Nilikudanganya. Kaka aliniambia kuhusu mkono wako, usimgombeze, nilimbana. Nilijua kabla sijakuandikia ile barua ya Mei. Nilijua ishara zote zilikuwa za kweli. Kidole kilishuka, kikainuka, kikashuka tena, na programu iliandika kilichotokea. Mlangoni hapakuwa na mzembe. Mzembe nilikuwa mimi niliyekaa pale na kuanza kuzitupa ishara zako ili wewe usizione, na mimi nisizione.

Nilidhani nakupunguzia taabu. Nilitaka uandike barua bila kulowesha shati. Sikufikiri kwamba ukurasa safi ungeugeuza kuwa daktari wako. Baba, kile ulichokiona kwenye skrini tangu Mei hakikuwa mkono wako. Mkono wako unatetemeka na utaendelea kutetemeka, na mimi ninayekaa mlangoni mwa kila herufi siwezi kuurekebisha. Ningekuwa naweza ningeshafanya, unajua hilo. Naomba urudie vidonge. Naomba kama ulivyowahi kuniomba mimi ninywe dawa ya malaria ukanishika pua.

Toleo nililolituma leo lina kitufe cha chujio juu kulia. Ukitaka liwashe, ukitaka lizime. Sitaamua tena kwa ajili yako.

Nimewaza ile likizo. Nilikaa chumbani nikitafuta kosa, na kosa lilikuwa limekaa nyumbani kwetu limeshika kikombe kwa mikono miwili. Ningekuja tu ningeliona siku ya kwanza.

Tangu barua ya kwanza uliniambia nisije. Bosi naye anasema nisiende. Yeye naweza kugombana naye. Wewe siwezi. Ukisema usije mara hii pia, Baba, sitajua nifanye nini.

Nukta


5 Julai

Kwa: Bintti yangu, Nuktaa
YAHUSSU: MKONO WWANGU

Mwaanangu,

Baarua yako nimeisoma mara mbbili. Nilikassirika. Sikukasirrika kwa uongo waako, wa kwangu ulittangulia. Nilikaasirika kwa ssababu nilikuwaa nimepona.

Dawa nimerrudia. Kaka yaako anahesabbu vidonge kamaaa mhasibu. Mguu unawwasha, wanaseema ni dalili njema.

Chujio nimelizimaa. Hii ndiyo bbarua ya kwanza kuttoka mezani kwangu ikiwwa na makosa, na sifutti hata moja. Isomee hivyo hivyo. Huu nddio mkono wa baaba yako.

Nimechoka, sittaandika mengi. Nilikuwa nakwammbia

Hiyo m ilikuwa kossa langu la kweli, mkono wa kulia umeteleza. Naendeleaa.

Nilikuwa nakwambbia usije kwa sabaabu niliogopa uone. Nenno nililotaka

Naona na wa kulia umeaanza. Basi niseeme upesi. Neno nililottaka kusema lote ni la mkono wa kulia. Ningewweza kuliandika tangu Febbruari, bila kufuta kittu.

njoo

Baabba